Jedwali la Elementi: Kanuni au Ada?

Miongoni mwa mambo ambayo mwanafunzi wa sekondari hukabidhiwa bila ya kuelezwa asili yake, hapana lenye heshima kubwa na ufafanuzi haba kama ile karatasi pana ya elementi inayotundikwa ukutani mwa darasa la kemia, ambayo majina yake ishirini ya mwanzo hutakiwa yakae juu ya ulimi kabla ya mtihani, ilhali sababu ya jina hili kuketi ubavuni mwa lile, na lile kuketi chini ya jingine, aghalabu huahirishwa mpaka siku isiyofika. Mwenye kuhifadhi hivyo hupata alama zake kisha akasahau; na akiulizwa baada ya miaka jedwali lile lilikuwa na maana gani, hujibu kuwa ilikuwa orodha tu.

Suala hilo ndilo lililozungumzwa jioni moja mjini Karatu, wakati baridi ya nyanda za juu ilipoanza kuwakusanya watu karibu na moto, nami nimeona vema niliandike kwa sauti za wasemaji wenyewe. Walikuwa wanne. Mwalimu, mstaafu aliyesomesha kemia umri wake wote, ndiye mwenye nyumba. Binti, mjukuu wake wa Kidato cha Tano, alikuwa amerejea mchana huo pamoja na wenzake kutoka makumbusho ya Oldupai, na vumbi la njia ya Ngorongoro lingali katika soksi zake. Mzee, mfugaji wa Endulen na rafiki wa Mwalimu tangu ujanani, alikuwa ameteremka kwa shughuli za mnada akakaribishwa alale. Na Bibi, mke wa Mwalimu, alikuwa jikoni, mlango u wazi, akikiangalia chungu cha maharage na kusikia kila neno.

BINTI: Naomba nianze mimi, babu zangu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye dai. Tumefundishwa kwamba elementi zimepangwa kwa kanuni, na kanuni, kwa nilivyofahamu, ni jambo lisilopindwa kwa ajili ya yeyote. Lakini nikilitazama jedwali naona mapindo matatu. La kwanza, arigoni ina uzani wa atomu 39.95, na potasiamu ina 39.10, na juu ya hayo arigoni iliyo nzito ndiyo iliyotangulizwa. La pili, tumeambiwa kuwa tabaka la tatu la elektroni lina nafasi 18, lakini potasiamu, ikiisha kutia elektroni 8 katika tabaka hilo, huipeleka ile ya 19 katika tabaka la nne, na kuacha nafasi 10 tupu. La tatu, tumeambiwa kwamba kadiri tunavyokwenda kulia katika safu moja, elektroni huzidi kuwa ngumu kung'olewa, nami nimekuta fosforasi yahitaji kilojuli 1,012 kwa moli, na salfa inayoifuata yahitaji 1,000. Kanuni yenye dosari tatu mbele ya mtoto wa Kidato cha Tano, si afadhali iitwe ada ya wataalamu?

MZEE: Mjukuu wangu amelitoa neno lililokuwa moyoni mwangu. Korongo mlilokwenda kulitazama leo sisi twaliita Oldupai, kwa jina la katani mwitu iotayo huko. Mgeni mmoja wa zama za Wajerumani akalisikia vibaya, ikaandikwa Olduvai, na dunia nzima ikalifuata kosa lile. Jambo likiisha kuandikwa vitabuni huonekana kana kwamba lilikuwako tangu kuumbwa kwa nchi. Nitajuaje kwamba jedwali lenu si vivyo hivyo? Baba zetu walizijua chumvi za udongo ambazo ng'ombe huzilamba, wakayajua magadi ya maziwa ya bondeni na matumizi yake, wala hawakuwa na karatasi ukutani.

MWALIMU: Nusu ya hoja yako naipokea, Mzee. Majina ni ada, sina ubishi. Herufi K, ambayo ndiyo alama ya potasiamu, imetokana na neno kalium, na hilo limetokana na Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea. Lau mambo yangalikwenda vingine tungaliandika herufi nyingine. Katika lava ya Ol Doinyo Lengai yamo madini ya kabonati ya sodiamu na kalisi yaitwayo nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, na jina hilo tulipewa na wanadamu wenzetu. Lakini lava ile kutoka nyeusi katika moto wa nyuzi mia tano na ushei, kisha ikikutana na unyevu wa hewa ikageuka nyeupe, hilo hakulipitisha mkutano wowote.

Basi sikilizeni namna ya kupambanua mambo haya mawili. Ada yaweza kuwapanga waliokwisha kuketi barazani. Haiwezi kumsifu mgeni ambaye hajapata kuonekana. Mwaka 1869 Dmitri Mendeleev wa Urusi, alipozipanga elementi 63 zilizojulikana zama zake, aliacha nafasi tupu kwa makusudi, na katika moja ya hizo, chini ya alumini, baadaye akasema kuna metali ambayo uzani wa atomu yake utakuwa kiasi cha 68, na ujazo wake wa sentimita moja ya mchemraba utakuwa na uzito wa karibu gramu 5.9. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akaipata metali hiyo, tunayoiita gali, akaipima akakuta gramu 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwa ameiona hata punje yake, akamtaka aisafishe na kuipima tena. Na ilipopimwa tena ikatoka 5.9. Skandi ikafuata mwaka 1879, na germani mwaka 1886, kila moja katika nafasi iliyowekewa. Ni ada gani, Mzee, iliyoweza kumsahihisha mtu mwenye kitu mkononi kwa kinywa cha mtu asiyekuwa nacho?

MZEE: Hilo ni zito. Lakini hujamjibu mtoto.

BINTI: Naam, Babu. Mendeleev alipanga kwa uzani, na ilipogunduliwa arigoni uzani ukakataa. Wakabadili mizani wakasema tusipange kwa uzani, tupange kwa namba. Huku si kuihamisha mipaka ya shamba baada ya kuona mahindi yameota ng'ambo?

MWALIMU: Ingalikuwa hivyo, kama namba ingalibuniwa ili kuinusuru arigoni. Wazeni ilivyotokea. Mwaka 1894 Lord Rayleigh na William Ramsay, wataalamu wa Uingereza, walitangaza kwamba naitrojeni iliyotolewa hewani ilikuwa nzito kidogo kuliko naitrojeni iliyotolewa katika amonia, na kwamba uzito ule wa ziada ulikuwa wa gesi ngeni isiyoshikamana na chochote walichoijaribia. Wakaiita arigoni, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya mvivu. Kwa miaka karibu ishirini mahali pake palikuwa pa kubishaniwa. Ndipo Henry Moseley, kijana wa Kiingereza, katika miaka ya 1913 na 1914, akazipiga elementi moja moja kwa elektroni na kuipima miali ya eksirei iliyotoka, akaona kwamba kipeuo cha pili cha masafa ya miali hiyo hupanda kwa hatua zilizo sawa kutoka elementi hata elementi, kama ngazi iliyojengwa na fundi. Klorini ikawa daraja la 17, potasiamu daraja la 19, na baina yao pakabaki daraja moja tu. Hakuipima arigoni, daraja lenyewe ndilo lililoidai. Mwezi wa Agosti 1915 Moseley akauawa vitani Gallipoli, naye ana miaka 27. Namba aliyotuachia ni idadi ya protoni katika kiini cha atomu, nayo haina nusu wala robo, wala haimpendelei mtu.

BINTI: Naikubali namba, Babu. Lakini protoni zimefichika ndani kabisa. Zinaifanyaje sodiamu kuwa na tabia za potasiamu?

MWALIMU: Protoni huamua idadi ya elektroni, na elektroni hukaa kwa orofa. Ya chini huchukua 2, ya pili 8, na ya tatu, katika elementi hizi tunazozizungumzia, hutulia ikiwa na 8. Sodiamu ina 2, 8, 1. Potasiamu ina 2, 8, 8, 1. Zote mbili zina mpangaji mmoja peke yake juu darini, na kemia karibu yote ni habari za huyo wa darini, ama aondoke, ama apate wenzake. Mkienda kulia katika safu, protoni huzidi lakini orofa haiongezeki, kwa hiyo mvuto wa kiini juu ya wapangaji wa nje huzidi: kuing'oa elektroni moja ya sodiamu kwahitaji kilojuli 496 kwa moli, klorini 1,251, arigoni 1,521. Kisha mkivuka hatua moja tu, kutoka 18 hata 19, orofa mpya inafunguliwa, mpangaji yuko mbali na wenziwe wa chini wamemkinga na mvuto, na hesabu huporomoka kutoka 1,521 hata 419. Mkishuka katika safu wima, lithi 520, sodiamu 496, potasiamu 419, kila orofa inayozidi humlegeza wa darini.

Ama dai lako la pili, orofa ya tatu ina vyumba vya namna mbalimbali, na vile 10 vilivyobaki viko katika hali ambayo, kwa potasiamu, yamgharimu mpangaji nguvu nyingi kuliko chumba cha kwanza cha orofa ya nne, kwa kuwa anayekaa katika chumba hicho cha nne hupata nafasi ya kupenya hata karibu na kiini. Elektroni haifuati namba ya orofa. Hufuata mahali penye nishati ndogo. Na la tatu: fosforasi ina elektroni tatu katika vyumba vitatu, kila moja peke yake, salfa imeongeza ya nne, nayo imelazimika kuingia chumba chenye mwenyewe, wakasukumana, na anayesukumwa hutoka kwa urahisi zaidi. Lile la kwanza, kwamba arigoni ni nzito, niachie kwanza, maana Moseley alituambia iketi wapi, hakutuambia kwa nini ina uzani ule.

BIBI: Mwalimu, mimi sikusoma habari za vyumba hivyo, lakini nina swali la hapa jikoni. Maharage haya ni ya mwaka jana, magumu. Nikiyapika kwa maji matupu nitamaliza kuni. Nikitia magadi kiasi cha ncha ya kijiko hulainika upesi. Na nikizidisha, mchuzi huwa mweusi na ladha huwa ya sabuni. Jedwali lako lalijua hilo?

MWALIMU: Lalijua, na tena kwa tafauti ya elektroni moja. Ganda la haragwe limeshikwa na nyuzi za pektini, na nyuzi hizo zimefungamanishwa na kalisi. Kalisi ina 2, 8, 8, 2. Ikizitoa mbili za nje hubaki na chaji mbili, kama mtu mwenye mikono miwili, huku akishika uzi huu, huku uzi ule. Magadi ni chumvi ya sodiamu, na sodiamu imetoa moja tu, ina mkono mmoja. Ioni za sodiamu zikiwa nyingi majini huishika nafasi ya kalisi, na palipokuwa na kifungo baina ya nyuzi mbili pakawa hapana kitu, nao ukali wa magadi ukazidi kuziyeyusha kuta zenyewe. Na sodiamu haiwezi kutoa ya pili ili ipate mkono mwingine, kwa kuwa ile ya pili yahitaji kilojuli 4,562; iko orofa ya chini, imeshikwa barabara.

BIBI: Basi nimekuwa nikiondoa mkono mmoja katika chungu changu miaka hamsini, na sikuambiwa.

MZEE: Shemeji, wewe umepata jibu la chungu, nami nina la meno. Wako watoto katika nchi hii yetu ya volkano ambao meno yao hutoka na mabaka ya kahawia, na waganga husema ni maji na magadi. Ikiwa jedwali ni kanuni, liseme na juu ya hilo.

MWALIMU: Hilo linaniuma, Mzee, maana si la kubishania bali la kutenda. Katika mawe ya volkano zetu na katika magadi yake imo florini, ambayo ina 2, 7, yaani imepungukiwa na mmoja tu, na kwa kuwa orofa zake ni mbili tu, kiini kiko karibu, na hapana elementi inayoivuta elektroni ya mwenzake kwa nguvu kama yake. Ikiisha kuipata huwa ioni ndogo yenye chaji moja, na kwa kimo hufanana sana na ile jozi ya oksijeni na hidrojeni iliyomo katika madini ya jino. Jino la mtoto linapojengwa, florini huingia mahali pa jozi hiyo kama ufunguo uliochongwa kwa mfano wa ufunguo mwingine. Kidogo chake huliimarisha jino. Kingi huliharibu, na kikizidi sana huiharibu hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita ya maji, na ziko chemchemi na visima katika kanda hii ya kaskazini vinavyoupita.

Lakini tazama kanuni ileile ikigeuka kuwa dawa. Pale Ngurdoto, upande wa Meru, wataalamu wa maji wamefanya kazi ya kuchoma mifupa ya ng'ombe mpaka iwe makaa, kisha maji hupitishwa humo, na madini ya mfupa huinasa florini kwa mabadilishano yaleyale ambayo yangalitokea katika jino la mtoto. Mfupa wa ng'ombe huubeba mzigo ili jino la mtoto lisiubebe.

MZEE: Mfupa wa ng'ombe. Hilo nitakwenda nalo nyumbani. (Akanyamaza kitambo.) Lakini mjukuu wangu amerudi na habari ya miaka ya mifupa ya korongoni, milioni na milioni, nami siku zote nimejiuliza ni nani aliyekuwapo akihesabu.

BINTI: Tumeelezwa leo, babu. Tarehe 17 Julai 1959 mtafiti Mary Leakey, akitembea peke yake na mbwa wake kwa kuwa mumewe Louis alikuwa kambini na homa, aliona mfupa umechomoza ardhini. Likawa fuvu walilolipa jina Zinjanthropus, kwa lile jina la Zinj ambalo Waarabu wa kale waliiita pwani yetu. Louis alikisia umri wake kuwa kama miaka laki sita. Mwaka 1961, mwaka uleule wa Uhuru wa Tanganyika, Jack Evernden na Garniss Curtis wa chuo kikuu cha California wakaupima umri wa majivu ya volkano yaliyolala pamoja nalo, wakatoa milioni 1.75. Njia yao inaitwa ya potasiamu na arigoni.

MWALIMU: Umesikia ulichokitamka? Potasiamu na arigoni. Hao hao wawili uliowashitaki.

BINTI: Nimesikia, Babu. Niache nijaribu mwenyewe. Katika potasiamu yote, atomu moja hivi katika kila elfu kumi ina uzani wa 40, nayo haidumu. Nusu yake hugeuka katika miaka milioni 1,250. Nyingi ya hizo huwa kalisi, lakini kama kumi na moja katika kila mia, kiini chake huivuta elektroni ya orofa ya chini kabisa, protoni moja ikawa nyutroni, na namba ikapungua kutoka 19 hata 18. Potasiamu ikawa arigoni. Volkano ilipomwaga majivu yake, yangali ya moto, arigoni, isiyoshikamana na kitu, ilitoroka. Na fuwele za felspari zilipopoa zilikuwa na potasiamu iliyofungwa kwa chaji yake, bila ya arigoni. Tangu siku hiyo kila arigoni inayozaliwa ndani ya fuwele imezaliwa humo gerezani. Evernden na Curtis waliziyeyusha fuwele, wakaihesabu.

MZEE: Na gereza likiwa na ufa? Na kama fuwele ya zamani zaidi ilichukuliwa na mto ikachanganyika na za majivu mapya?

MWALIMU: Ndiyo maswali yaliyoulizwa na wapinzani wao siku zile, nao walikuwa na haki ya kuuliza. Ufa huupunguza umri, na fuwele ngeni huuzidisha. Kwa hiyo huchaguliwa fuwele safi, tena hupimwa nyingi. Mwaka 1965 vilevile tabaka hilo la majivu lilipimwa kwa saa ya namna nyingine, ile ya mikwaruzo inayoachwa na urani inapopasuka ndani ya kioo cha majivu, nayo ikatoa kiasi cha milioni mbili, katika mpaka wa makosa unaokubaliana na ile ya kwanza. Mashahidi wawili wasiojuana wakasema neno moja.

BINTI: Babu, sasa nimeona. Uzani! Arigoni inayotokana na potasiamu ina uzani wa 40. Ikiwa arigoni ya hewani nayo ilitoka katika mawe...

MWALIMU: Sema.

BINTI: Ikiwa ilitoka katika mawe, basi karibu yote ina uzani wa 40, ndiyo sababu wastani wake ni 39.95. Na potasiamu iliyobaki nyingi ni ile inayodumu, yenye uzani wa 39, ndiyo sababu wastani wake ni 39.10. Arigoni ni nzito kwa sababu ni mtoto wa potasiamu iliyokuwa nzito.

MWALIMU: Na katika jua, ambako arigoni haikuzaliwa katika mawe, iliyo nyingi ni ya uzani wa 36, nyepesi kuliko potasiamu, na safu imenyooka. Upindo ule uliokusumbua haukuwa wa jedwali. Ulikuwa ni alama ya umri wa ardhi, iliyoandikwa katika pumzi tunayoivuta, maana karibu sehemu moja katika kila mia ya hewa hii ni hiyo arigoni.

MZEE: Basi kumbe lililoonekana kosa ndilo lililokuwa likihesabu.

Hapo Bibi akaita kwamba maharage yameiva, na mjadala ukakatika. Nami niliyekuwa msikilizaji nina neno moja la kusema kwa niaba yangu, nalo nalisema kwa moyo wote. Binti yule hakuridhishwa na mtu aliyemtaka anyamaze na kuhifadhi. Aliridhishwa kwa kuachiwa ashitaki, na kila shitaka lake lilipofuatwa hata mwisho likamfikisha mahali pa ndani zaidi kuliko pale kitabu kilipomwachia. Kanuni ya kweli haiogopi kuulizwa habari za mapindo yake, kwa kuwa mapindo hayo ndiyo milango yake. Ada ndiyo inayotaka watu wasiiulize. Walimu wetu wanaofundisha karibu na Oldupai, na Lengai, na chumvi za Ziwa Eyasi, wamekirimiwa maabara isiyohitaji kununuliwa, na ni hasara kubwa mtoto wa Karatu kuijua potasiamu kwa jina na namba tu, ilhali korongo lililo mwendo wa asubuhi moja kutoka kwao limepimwa umri kwa hiyo potasiamu.

Tulipokwisha kula, Mzee alimwuliza Bibi maji ya kunywa yametoka wapi, akajibiwa ni ya mvua, kutoka tangi la bati. Akamimina kikombe, akamwambia Binti achore ile nyumba ya florini yenye orofa mbili katika karatasi, wawili chini na saba juu, apate kuwaonyesha wakwe zake Endulen kabla hawajachimba kisima.